Kiuno cha Sare

Kidoti alikuwa mshonaji hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa mafundi: aliziamini nguo kuliko mwili uliozivaa. Kwa hiyo sare yake ya kazi ilipoanza kumbana kiunoni, hakusema imesinyaa. Alikaa kwenye cherehani, akazipigia hesabu tarehe zake, akaona zimepita. Moyo ukamlipuka paa. Mchumba alikuwa hajakanyaga kwao kujitambulisha, na baba yake si mtu wa kuletewa mjukuu kabla ya mkwe.

Aliyemwambia ni mmoja tu: Njiti, shoga yake wa cherehani ya jirani, aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake. Njiti akamshika mkono, akaapa siri hiyo ataingia nayo kaburini.

Basi mimba ikanoga. Kidoti akachukia harufu ya mafuta ya cherehani, akawa anatema mate kama bomba bovu, na kila asubuhi alikimbilia chooni huku Njiti akimfuata na kitambaa cha kumpangusa uso. Na sare, ambayo kila jioni aliiacha karakanani pamoja na za wenzake, ikazidi kubana.

Wakati huohuo bosi wao, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa akitafuta mtu wa meza ya kukatia vitambaa. Kidoti aliitamani meza hiyo tangu siku anajifunza kutunga uzi. Bosi akamwita, akampa.

"Utasimama kutwa, shoga," Njiti akamnong'oneza. "Mimba changa haitaki hayo. Ikiharibika, utajisamehe?"

Kidoti akaenda kukataa kwa mdomo wake mwenyewe, akisingizia miguu. Meza akapewa Njiti.

Wiki haikuisha, damu ikaja, imetulia kama mgeni asiyejua kwamba amechelewa. Nesi wa zahanati akampima, akamwambia hakuna mtoto wala hakuwahi kuwapo. Hofu tu inaweza kuchelewesha mambo. Na kiuno je? Nesi akazungusha futi. Kiuno kilikuwa kilekile cha siku zote.

Kidoti akarudi karakanani, akaipindua sare nje ndani. Mshono wa kiuno ulikuwa umefumuliwa ukaingizwa ndani, ukafumuliwa tena ukaingizwa zaidi. Na mkono ule aliujua. Mafundi hawasahau mshono wa mtu waliyekaa naye. Akaenda moja kwa moja mezani.

"Ni wewe."

Njiti hakuinua macho kwenye chaki yake. "Mara ya kwanza nilikuwa nakutania. Nilijua utagundua, tucheke."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili meza ilikuwa imeshatajwa." Akapuliza vumbi la chaki. "Lakini kutapika, shoga, ulitapika mwenyewe. Huko sikukushonea mimi."

Kidoti akapeleka shauri kwa bosi. Bosi akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia meza ile si kiti cha kinyozi, kwamba huyu akiinuka anakaa mwingine. Na aliyekataa ni nani?

Mchana akaletewa furushi la vipande alivyokata Njiti. Akavikagua kimoja kimoja akitafuta kosa. Vilikuwa vimekatwa vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Shoga," Njiti akaita kutoka mezani, kwa sauti ileile ya kila siku, "leo tunakula wapi?"

Kidoti akakanyaga pedeli, cherehani ikanguruma, akajifanya hajasikia.