Inspekta Subiani Akwama Uwanja wa Ndege

Mwaka wa themanini na saba, wanawake wa kiwanda kimoja cha magunia huko Changamwe walikuwa na mtu wao wa kuwachekesha, naye alikuwa jini. Jina lake Inspekta Subiani. Aliishi ndani ya tangi la maji juu ya hoteli moja ya Likoni, kazi yake kuwasaka mashetani wakorofi wa Mombasa nzima. Lakini mahamri hakujua kuyakataa, na kila alipotaka kupenya ukuta, tumbo lilimkwamisha katikati: kichwa jikoni mwa watu, miguu barabarani.

Vitabu vya visa vyake vilikuwa vyembamba, vya karatasi ya kijivujivu, kikitoka kimoja kila baada ya miezi michache. Mwanarehema wa Likoni ndiye aliyevinunua na kuwasomea wenzake saa ya chakula. Aliyecheka kuliko wote ni Pascalia, Mama Mutua, Mkamba wa Mwingi aliyepanga chumba Magongo. Pascalia hakujua kusoma. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda polepole, na kilipofika kooni hata msimamizi alitoka ofisini kutazama kuna nini.

Kitabu cha nane kiliishia pabaya. Mwizi alikuwa ameiba vivuli vya watu wote wa mji, kavishindilia sandukuni, anapanda ndege. Na Subiani kanasa ukutani pale pale uwanjani, miguu inapiga hewa.

Cha tisa hakikuja. Ilipita miezi sita, ukapita mwaka. Mwenye duka la vitabu akamwambia Mwanarehema kuwa mpiga chapa amefunga, na mwandishi hajulikani aliko.

Ndipo Pascalia akaangukiwa na robota la magunia, akavunjika mguu. Jumamosi moja Mwanarehema akaenda Magongo kumjulia hali.

"Umekuja na cha tisa?" Pascalia aliuliza hata salamu hazijesha.

Mwanarehema alitaka kusema kweli. Akautazama ule mguu uliofungwa plasta, na uso uliokonda.

"Kimetoka jana, shoga yangu."

Akatoa mkobani kitabu cha nane, akaziba jalada kwa kiganja, akaanza. Mwanzo alisitasita. Kisha Subiani akachomolewa ukutani na wapagazi wanne, akaikimbilia ndege, akaishika mkia, na vivuli vikaanza kumwagika juu ya Changamwe kama nguo zilizopeperushwa kambani. Watu wakagombania. Shehe mmoja akaondoka na kivuli cha punda. Mke wa diwani akavaa cha mpiga ngoma, siku nzima kivuli kinacheza, yeye kaona haya. Pascalia alicheka hadi akashika mguu kwa maumivu.

Halafu akaitazama mikono ya Mwanarehema.

"Rehema, mbona hugeuzi kurasa?"

Mwanarehema akakifunga kitabu. "Nisamehe, Mama Mutua. Wallahi sikutaka kukudanganya. Cha tisa hakipo."

"Mimi nimeuliza kama kipo?" Pascalia akajivuta, akaegemea ukuta. "Huyo wako ananichekesha kuliko wa kitabu. Sasa huyo mwizi alishikwa ama hakushikwa?"

Basi ikawa hivyo. Pascalia aliporudi kazini, hadithi ziliendelea uani bila kitabu chochote, naye akatia zake: jini wa Ukambani aliyeshuka na treni, Kiswahili chake kibovu hata mashetani wa pwani wakimwona hukimbia wasije wakalazimika kumjibu. Mwanarehema alicheka akafuta machozi kwa leso. Miaka mitano walikula mchana hivyo.

Kiwanda kilipopunguza watu mwaka wa tisini na tatu, Pascalia akarudi Mwingi. Waliagana stesheni, kila mmoja akisema ataandika, na wote wawili wakijua mmoja wao hawezi.

Miaka mitatu baadaye Mwanarehema alipata barua. Herufi kubwa kubwa za penseli, nyingine zimepinduka. Pascalia alikuwa ameingia masomo ya ngumbaru, anakaa dawati moja na mkwe wake. Salamu zilikuwa mstari mmoja tu. Kilichobaki, kurasa mbili nzima, kilieleza jinsi Inspekta Subiani alivyofika Mwingi wakati wa kiangazi, mbuzi wakamchagua kuwa hakimu wao, na kesi ya kwanza ilivyomshinda.

Mwanarehema aliisoma amesimama mlangoni. Jirani yake Waridi akamwuliza, "Kheri huko?"

"Kheri," akasema, huku kicheko kinampanda. "Njoo keti nikusomee."