Kinyonga Mkononi mwa Mama Mkwe

Yudith alikuwa na mimba ya miezi saba kinyonga alipomdondokea. Alikuwa shambani kwao Kisondela, anakata mkungu wa ndizi, mara kitu cha baridi kikamwangukia shingoni na kuanza kumpanda taratibu. Akapiga yowe, akakikung'uta, akaketi chini.

Jirani yake, Esnath, alifika mbio. "Maskini, mdogo wangu! Huyo ana sumu. Na mtoto atazaliwa macho yanatazama huku na huku."

Kliniki, nesi alimhakikishia kuwa kinyonga hana sumu, wala hawezi kumdhuru mtoto tumboni. Yudith aliitikia, lakini maneno ya nesi yaliishia masikioni. Ya Esnath ndiyo yaliyokaa moyoni. Chakula kikamshinda. Mumewe, Dickson, alimbembeleza mpaka akaishiwa maneno.

Mama mkwe wake, bibi Tupokigwe, aliogopa vinyonga tangu utotoni. Akimwona mmoja njiani, alikuwa radhi azunguke kilima kizima kwenye mvua. Yudith alitarajia kwamba kwake atapata lawama tu, si faraja.

Asubuhi moja bibi alimwita nje. Kwenye tawi la mparachichi alikuwepo kinyonga wa kijani.

"Nesi alisema hana sumu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tuone. Kama anayo, aanze na mimi. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Mama, acha!"

Bibi alishafumba macho na kunyoosha mkono. Kinyonga akapanda, mguu baada ya mguu, hadi kwenye kiwiko. Midomo ya bibi ilikuwa ikicheza kwa sala. Mwishowe akafumbua jicho moja.

"Loo! Kumbe ananishika kama mtoto mchanga!"

Yudith akacheka, kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia mama mkwe wake, kinyonga akiwa bado mkononi. Mchana ule alikula ndizi na maharage, akaomba aongezewe.

Mtoto wa kike alizaliwa salama. Esnath alikuja kumtazama, akamchungulia macho kwa muda mrefu, kisha akasema tu, "Mzuri huyu." Wakamwita Lusungu, yaani neema.

"Ndaga, mama," Yudith alimwambia mkwewe. Asante.

"Mshukuru Mungu, mwanangu."

"Yeye nimeshamshukuru. Sasa nakushukuru wewe."