Baba Yumo Kwenye Kompyuta

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Jumamosi ile nilikuwa nimeshagombana na waya, na mlango, na Fundi, na chai yangu ya asubuhi ilikuwa hata haijapoa.

Kisa chenyewe ni kompyuta ya dukani. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Tunachapa kadi za harusi, fulana na mabango. Alilianzisha marehemu baba yangu, na kompyuta ni yake. Baba alikuwa na mwandiko mbaya, jamani! Kama kuku aliyepita kwenye tope. Mwenyewe alikuwa anashindwa kuusoma, kwa hiyo akaacha kabisa kuandika. Akipokea kazi anakaa mbele ya kompyuta, anajirekodi akisoma maneno ya kadi. Mimi nikija nasikiliza, nachapa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukumbuka kuzima kitu, ndani ya kadi za watu mmejaa kikohozi chake, vicheko vyake, na ubishi wake na Mama.

Sasa kompyuta ikaanza kugonga tumboni: ko, ko, ko. Fundi wetu, ambaye tunamwita Bwana Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbilia kitu maishani, aliinama akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, diski ya ndani inakata roho. Leo kesho haitawaka."

"Na sauti za Baba?"

"Zitaondoka nayo."

"Basi zihamishe!"

"Ziko wapi?"

Baba alikuwa anahifadhi vitu popote mkono ulipoangukia. Nyingine alizipa majina ya wateja, nyingine hazina jina, nyingine Mungu ndiye anajua.

"Basi tusichague," Bwana Taratibu akasema. "Tunanakili kompyuta nzima, na kila kilichomo, kwenye diski ya nje. Nikishaweka diski mpya ndani, tunarudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

Nikanunua hiyo diski ya nje, kidude cheusi cha kuenea kiganjani. Nikamwonyesha Mama. "Unakiona hiki? Baba anahamia humu." Nilikuwa natania. Mama alikishika kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akanirudishia.

Nisisahau kusema kwamba Mama ni mfumaji. Katika nyumba yetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kilemba, birika lina sweta, rimoti ina soksi, mtungi wa gesi una gauni lenye marinda. Hata Bwana Taratibu simu yake inalala kwenye mfuko wa sufu aliofumiwa na Mama. Tumeshazoea, hatuvioni tena.

Tukaanza. Kazi ikaanza vizuri, mstari wa kijani ukawa unatambaa kwenye kioo, tukaenda kula. Kurudi, maandishi mekundu: diski ya nje haionekani.

"Haionekani vipi na iko hapa?" nikafoka. Nikaifunua, nikachomoa waya, nikaupuliza, nikachomeka tena. Ikaonekana. Tukaanza upya. Tulipokaa kuitazama, ilikwenda kama mtoto mtiifu. Tukatoka kwenda kumpokea mteja uani, ikakata.

Bwana Taratibu akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Akaikagua diski kama ina ugonjwa, akaikuta nzima. Akaizuia kompyuta isisinzie. Kila mara nafunua, nachomoa, nachomeka. Kila mara tukiipa mgongo tu, inakata. Mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilimwambia Bwana Taratibu hajui kazi. Nikampigia aliyeniuzia diski, nikamwambia maneno ambayo hapa siyarudii. Nikaitukana hata ile diski yenyewe.

"Dada," Bwana Taratibu akasema kwa upole, "hii kompyuta inagonga vibaya sasa. Safari hii ikishindikana, sidhani kama itatupa nyingine."

Nikamwona Baba kwenye kile kiti chake, akinisomea kadi ya watu asiowajua kwa bashasha kana kwamba anaolewa binti yake. Sauti hiyo ikipotea, nitaitoa wapi?

Bwana Taratibu akaichukua diski mkononi. Akairusha mezani.

"Lo! Inaunguza! Dada, hii imeiva!"

"Imeiva na nini? Iko mezani tu!"

Ndipo Mama akaingia kutoka jikoni, akaiona diski, akatia mkono mfukoni kwangu bila hata kuomba. Akatoa kisweta kidogo cha rangi ya bluu, chenye vifungo. Kila nilipofunua nilikitupa mezani, na mara hii nilikuwa nimekitia humo mwenyewe, bila kujua mkono wangu unafanya nini.

"Nyinyi mna nini lakini?" akasema. "Kila nikimvika, mnamvua."

"Mama! Ni wewe?"

"Si ulisema baba yako anahamia humo? Na feni la duka linampuliza moja kwa moja. Baba yako alikuwa mtu wa baridi, ila mbishi, hakutaka kukubali."

Nilifungua mdomo nipasuke. Nikaviona vile vifungo: vilikuwa vya shati la Baba la kazini. Hasira zote zikaniyeyuka. Nikamkumbatia Mama, nikacheka huku nalia, na Bwana Taratibu akageukia ukutani kujifuta uso.

"Mama, kikivikwa hivyo kinapata joto, kinazimika."

"Anasikia joto?"

"Sana."

"Basi si mngesema tangu mwanzo!" Akavuta kiti, akachukua kifuniko cha boksi la kadi, akaanza kuipepea. Alipepea mstari wa kijani ukitambaa, alipepea kompyuta ikigonga, akabadilisha mkono, akapepea. Hakuna aliyekwenda kula.

Mstari ukafika mwisho. *Imekamilika.* Nilipiga kigelegele majirani wakatoka nje. Bwana Taratibu akaruka! Bwana Taratibu, na umri wake!

"Tujaribu kama inafunguka," akasema, akihema. Akachomeka diski kwenye kompyuta yake ndogo, akafungua sauti ya kwanza aliyoikuta.

"Familia ya bwana harusi," sauti ya Baba ikajaa chumba, "inayo furaha kubwa kukualika... Mama watoto, sweta tena? Nimekwambia nasikia joto! Unataka niive?"

Sauti ya Mama ikajibu kwa mbali: "Vaa. Feni linakupuliza."

Kisha kicheko cha Baba, kile cha puani. "Haya, haya. Navaa."

Na akaendelea kusoma kadi, sasa sauti yake ikiwa imezibwa kidogo na sufu iliyokuwa ikipita kichwani.

Mimi na Bwana Taratibu tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama hakucheka. Alikuwa amekibana kile kisweta kifuani, macho yanang'aa.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Hapo anapokubali."