Sentimita Arobaini na Moja

Kila mwanzo wa mwezi watu wa jimu ya kunyanyua vyuma walipimwa unene wa mikono, namba zikaandikwa kwa chaki ubaoni. Mpimaji alikuwa mwanamke fundi cherehani wa mlango wa pili, kwa sababu wanaume wale hawakuaminiana hata chembe. Mwenye jimu, waliyemwita Nguzo, alikuwa mdogo wake. Miaka sita aliongoza ubao, na dada mtu alijivuna bila haya.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wetu huyu alijitia sindano za kukuza misuli. Mwishowe daktari akamwambia moyo umetanuka, ini limechoka na shinikizo la damu limepanda. Akaziacha. Miezi minane alikwepa kupimwa, huku dada akimpunguzia mashati kimyakimya.

Mwezi huu wanachama wawili walimfuata chemba, wakamwomba awaelekeze kwa muuza sindano. Nao walitaka mikono kama aliyokuwa nayo alipoongoza ubao. Siku ya kupimana ilipofika, Nguzo akavua shati mbele ya wote.

Kifua kilikuwa kimelegea, na matiti yaliyoota kwa sababu ya dawa zile yalionekana wazi. Watu wakatazama sakafu. Dada alijua kwamba wakimdharau leo, kesho jimu itabaki tupu, na mdogo wake hana kazi nyingine anayoijua. Huruma ikamzidi. Yeye asiyewahi kumpendelea mtu akapitisha kidole chini ya tepu ili kumwongezea sentimita mbili tatu.

"Toa kidole, dada," Nguzo akasema. "Kaza."

Akakaza. Arobaini na moja, kutoka hamsini na mbili.

Nguzo akachukua chaki, akajiandika wa saba. Akawaambia kwamba zile kumi na moja hazikuwa zake, alizipata kwa sindano, na daktari amemwambia moyo wake ndio unaolipa. Mwanachama mmoja akabeba begi, akaondoka bila kuaga. Dada hakumjali. Alikuwa akimtazama mdogo wake, na tangu amjue hakuwahi kumheshimu kiasi kile.

Ndipo yule ambaye sasa alikuwa wa kwanza, jitu la mabega mapana, akauendea ubao taratibu. Akafuta namba yake kwa kiganja.

"Na yangu ni ya sindano," akasema. "Huyo daktari wako yuko wapi?"