Ghorofani

Sadalla aliweka kiganja kwenye ngazi ya kwanza, akakiondoa haraka. Kuna mtu alikuwa ametema mate pale. Akajifuta kwenye kaptura, akasogea ukutani, akaanza kupanda. Mikono, kiuno. Mikono, kiuno. Miguu yake, iliyonyauka kwa polio tangu utotoni, ilimfuata nyuma, soksi zikizoa vumbi.

Baiskeli yake ya magurudumu matatu ilibaki chini, imefungwa mnyororo mbele ya duka la vipuri.

Shirika la umma lililomiliki jengo hili lilipokuwa hai, ukumbi wa mazoezi wa wafanyakazi ulikuwa chini, hapa hapa mtaa wa Gerezani, naye aliingia na baiskeli mpaka kwenye benchi. Alikuwa bingwa wa walemavu wa kunyanyua vyuma, na ndiye aliyewafundisha wote, makuli wa Kariakoo na makarani wa Mchafukoge. Kisha shirika likauzwa. Onesphory, aliyekuwa katibu wa klabu ya wafanyakazi, akaibuka mwenye jengo. Namna alivyolipata, hakuna aliyeelezwa. Chini akapangisha maduka. Vyuma vikapandishwa ghorofani.

Siku hiyo, kabla Sadalla hajafika katikati ya ngazi, aliitwa kutoka chini. Alikuwa Mama Ila wa Upanga, anayekuja kunyoosha bega lililokaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mimi naishia hapa. Magoti hayataki tena ngazi zenu."

Sadalla akashuka. Wakakaa barazani, akaanza kumwinua mkono taratibu, akihesabu kwa sauti ndogo. Mama Ila alikuwa amefumba macho kwa maumivu gari la Onesphory liliposimama.

"Baraza hii ya wapangaji," Onesphory alisema. "Mama, samahani, huduma iko juu."

"Juu siwezi, baba."

"Basi pole."

Mama Ila akajitanda mtandio wake, akaondoka bila kuaga. Sadalla akamfuata Onesphory kwa viganja mpaka mlangoni.

"Bosi, nipe kile chumba cha mwisho, cha huku chini. Benchi moja tu linanitosha."

"Kina mtu."

"Kimefungwa tangu mwaka jana."

"Kina mtu anayekuja." Onesphory akainama kidogo, kama anayezungumza na mtoto. "Tena wateja wananilalamikia. Wanalazimika kukuruka kwenye ngazi, wanaona aibu. Uwe unapanda kabla hawajafika, unashuka wakishaondoka. Kuna ugumu gani hapo? Na Jumamosi ni uzinduzi wa jimu hii, mgeni rasmi anakuja na waandishi. Nyanyua mpaka washike vichwa."

Sadalla akaitikia. Moyoni alijiambia atasema mbele ya mgeni rasmi. Kutwa alipokuwa akifundisha aliyapanga maneno, akayapunguza, mpaka yakabaki machache ambayo mtu hawezi kuyakatiza: chumba cha chini, mheshimiwa, tuingie wote.

Jumamosi alinyanyua. Chuma kilipopanda juu ya kifua chake watu walishika vichwa, kiliposhuka wakapiga makofi. Mgeni rasmi akamsogezea kipaza sauti.

"Mheshimiwa, naomba chumba cha..."

Onesphory alikuwa ameshakichukua kipaza sauti. "Anashukuru," alisema, akicheka. "Amezidiwa na furaha. Na sisi, mheshimiwa, tumemwandalia zawadi."

Wakaleta kiti cha magurudumu, kipya, bado kimefungwa nailoni. Mgongoni kimeandikwa jina la jimu kwa rangi nyekundu. Wanaume wawili wakambeba Sadalla makwapani bila kumuuliza, wakamkalisha.

"Tabasamu," mpiga picha akasema.

Akatabasamu. Baadaye hakujua kwa nini.

Wageni wakashuka kula. Sadalla akakisukuma kiti mpaka mwisho wa sakafu, magurudumu ya mbele yakasimama ukingoni mwa ngazi. Harufu ya pilau ilipanda pamoja na vicheko na vishindo vya soda zinazofunguliwa.

"Sadalla," Onesphory aliita kutoka chini, sahani mkononi. "Shuka bwana, chakula kinapoa."

"Na kiti?"

"Kiache huko huko. Hicho ni cha juu."

Mgeni mmoja, aliyepanda kufuata koti lake, alimkuta pale kwenye kiti, akasimama kando ampishe. Alisubiri kwa adabu. Sadalla hakusogea. Yule mgeni akatazama ngazi, akatazama magurudumu, akapita pembeni, akachukua koti lake, akashuka.

Chini mtu alikuwa anaomba pilipili.