Uzi wa Tatu

Kiwanda cha sukari nguru kule Kabuchai kiliandika kwamba Mzee Mukhwana alikuwa mlevi, ndiyo maana rola zikamvuta mkono. Mlevi! Mtu asiyegusa hata busaa ya arusi. Walioandika hawakumuuliza. Miaka kumi na minne imepita na sisi wa Kabuchai bado tunakumbuka. Nasike, mtoto wa jirani, alikuwa darasa la tano, naye alikuwa pale. Alisikia mashine ikilia kwa sauti inayopanda kabla watu hawajapiga kelele. Msimamizi naye alisikia. Akasema isizimwe, lori linangoja.

Sasa mkono ule ule, vidole vikavu kama vijiti, ulikuwa ndani ya glavu ambayo Nasike aliiunda kwa shahada yake ya pili, katika chumba chake cha kupanga mtaani Matisi, Kitale. Mota tano ndogo zilivuta nyuzi tano za nailoni, nazo zikakunja vidole polepole ili vijifunze tena kushika. Nailoni yenyewe ni ile aliyofunga kwenye litungu lake, kinubi cha nyuzi saba anachopiga kila Jumapili majirani wakimlilia, "Si utuwekee redio, bana!"

Maafisa wawili wa wizara ya afya walikuwa wamekuja Kitale kuamua. Wakikubali, glavu itaenda Bungoma kwa wagonjwa thelathini. Wakikataa, itaenda kabatini.

"Hiyo ni nusu ngumi," alisema afisa mnene.

"Nusu ndiyo ya leo," alijibu Nasike.

"Ati tumetoka Nairobi kuona nusu?"

Daktari Kimaiyo, mwalimu wake, alimwinamia. "Ongeza kidogo. Skrini ya kipimo bado ni ya kijani, ni salama."

"Ongeza tu, mayi, binti yangu," alisema Mzee Mukhwana. "Nisikuaibishe."

Nasike akaongeza mvuto. Vidole vikajikunja. Maafisa wakapiga makofi.

Ndipo uzi wa tatu ukaanza kuimba. Sauti nyembamba, ikapanda, ikazidi kupanda. Skrini ilisema mvuto haujabadilika. Lakini Nasike amekaza nyuzi tangu utotoni. Uzi haupandi sauti bila kuvutwa.

Akang'oa waya ukutani.

"Mbona umezima? Si ilikuwa inaenda vizuri!" alifoka afisa mnene.

"Kipimo kimekwama. Mota inavuta na skrini haijui."

"Umesoma wapi hiyo?" afisa akauliza.

Nasike alimvua mzee glavu taratibu, kidole kwa kidole. "Nipe kalamu yako, afisa." Akaitia kwenye kidole cha kati cha glavu, akarudisha waya ukutani.

Uzi ukaimba. Kalamu ikakatika katikati, wino ukaruka mpaka kwenye shati la Kimaiyo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mukhwana alitazama kile kidole chake cha kati, kizima.

"Basi haiko tayari," alisema afisa, akijipapasa mifuko. Kimaiyo akampa kalamu yake, macho chini.

"Sawa, andika haiko tayari," alisema Nasike. Hakushusha sauti. "Kisha uandike ni nani aliyesema iongezwe, na ni nani aliyezima."

Afisa akaishika kalamu juu ya karatasi. Mzee Mukhwana akavuta kiti chake karibu na meza, safari hii aone kwa macho yake inavyoandikwa.