Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Sikio la kushoto ndilo lililomshinda. Mama Kibao alikwisha kuyapata macho ya binti yake, akapata na misuko, aliyoijaza rangi nzito kwa kisu hadi ikatuna kama matuta ya viazi. Sikio likakataa. Mvua ilivuja ndani ya studio yao, iliyokuwa zamani stoo ya mkaa, na kila tone lililoanguka kwenye sufuria lilimkatiza alipokaribia kukumbuka.

"Lilichomoza kidogo," alisema Shangazi kutoka kwenye kona yake. "Ukimwita, sikio ndilo lililotangulia kuitika."

Mama Kibao akacheka, kisha akalia. Picha nyingine ya mtoto hakuwa nayo. Zote zilikuwa ndani ya simu, na simu aliichukua mwenye teksi badala ya nauli, siku mama alipomkimbiza mtoto hospitali na homa.

Siku hiyo kulikuwa na uzinduzi wa lango jipya la hospitali. Wagonjwa waliambiwa wangoje nje mpaka mgeni rasmi akate utepe, maana haikufaa mtu kulipita lango kabla ya mkubwa. Mkubwa akachelewa. Mtoto alikata roho mapajani mwa mama yake, utepe mwekundu ukipepea juu yao, na baadaye kidogo watu wakapiga makofi.

Hiyo ndiyo picha aliyokuwa anaichora kwa ajili ya maonyesho yao. Hakutaka kuiuza. Alitaka watu waingie ukumbini wamwone mwanawe, hata mara moja tu, waseme: kumbe alikuwepo.

Walikuwa wanawake watatu. Mama Kibao alipata jina kwa kuandika vibao vya maduka na vinyozi. Chiriku alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Shangazi, aliyemlea Chiriku, aliwazidi wote kwa kuchora mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho. Sasa alipaka rangi nyeupe turubai za picha kuukuu ili zichorwe upya, kwani mpya hawakuziweza. Kanuni yao ilikuwa moja: picha uliyoachana nayo, igeuze ielekee ukutani. Mwenye shida ya turubai ataichukua, na hakuna kuulizana.

Afisa utamaduni alikuja kukagua kazi akiwa ameziba pua kwa leso. Alipofika kwa mtoto akasimama.

"Huu utepe unasemaje?"

"Hausemi kitu, mzee. Ni utepe."

"Dada, usinichezee. Mgeni rasmi wenu ndiye aliyekata utepe huo. Unataka anywe soda yake huku anaangalia maiti?"

"Ni binti yangu."

"Pole sana. Lakini ukumbi ni wa serikali, msiba ni wa nyumbani. Hiyo nisiione. Nataka lango lenyewe, liko wazi, watu wanaingia wanatabasamu. La sivyo hakuna maonyesho, mtawachorea panya."

Chiriku akadakia kwamba lango atalichora yeye. Ukumbi huo walikuwa wameuomba tangu Shangazi anaona.

"Sawa, mzee," alisema Mama Kibao, na moyoni akakataa. Aliazimia siku yenyewe aibebe picha ndani ya shuka, aitundike kwa mikono yake, wakimtoa wamtoe.

Asubuhi ambayo sikio lilikubali hatimaye, gari la afisa likanguruma mlangoni. Mama Kibao akaruka, akaigeuza picha ukutani. Afisa hata hakutazama huko.

"Si wewe unayeandika vibao? Panda. Kuna maandishi ya kumkaribisha mgeni, na fundi wetu ametutupa."

Chiriku alikuwa ametoka kutafuta rangi, na Shangazi alikuwa anasinzia. Mama Kibao akapanda gari, akashinda ukumbini akiandika KARIBU MHESHIMIWA kwa herufi za kimo cha mtoto, na kesho yake akachukuliwa nyumbani kwake kuzitia kivuli, bila kupita studio. Picha zilipoletwa kutundikwa, alizipitia moja baada ya nyingine. Kisha akazipitia tena.

"Shangazi, mwanangu yuko wapi?"

Shangazi alikuwa ameketi chini ya picha kubwa ya lango jeupe.

"Ilikuwa imegeukia ukutani," alisema. "Chiriku aliniomba turubai ya lango. Nilipapasa nikakuta matuta, nikadhani ni ile picha yako ya zamani ya shamba. Nikapaka. Nilipaka mara mbili, mwanangu, ili yasionekane."

Chiriku alijishika kichwa. "Mimi nililetewa nyeupe, dada. Wallahi nililetewa nyeupe! Ikitoka hapa tutakwangua. Taratibu, kwa tapentaini. Tutampata."

Mama Kibao hakuwalaumu. Angewalaumu nini, na kanuni alikuwa anaijua kama jina lake?

Maonyesho yalipofunguliwa, mgeni rasmi alizipita kazi zao zote, akaganda mbele ya lango. "Hili ndilo lango langu! Lipelekwe hospitali leo leo, wagonjwa wafarijike."

"Mheshimiwa," alisema Mama Kibao, "chini yake kuna mtoto."

Afisa akaangua kicheko. "Wasanii hawa, mheshimiwa. Kila kitu kwao fumbo."

Vijana wawili wakaitungua picha, wakatoka nayo huku watu wanapiga makofi.

Mwezi uliofuata hospitali ikamwita Mama Kibao. Kulikuwa na kazi ya kibao. Wagonjwa kwenye benchi la kungojea daktari walikuwa wanaegemeza vichwa kwenye picha na kuichafua. Aliandika palepale, chini ya fremu, kwa mkono uliozoea: MARUFUKU KUGUSA PICHA.

Jua la dirishani lilipiga ukuta kwa ubavu. Juu ya lango jeupe la Chiriku, matuta ya misuko yakajitokeza, na kando yake uvimbe mdogo, upande wa kushoto. Mama mmoja aliyempakata mtoto wake alitazama, akaguna. "Aliyepaka hakujua kulainisha."

Mama Kibao alifuta vidole kwenye gauni. Akauweka mkono wake juu ya sikio la mwanawe.

"Wewe mama!" mlinzi aliita kutoka mlangoni. "Si umeandika mwenyewe? Toa mkono."